Kazi ya Kuandika na Mashine ya Kusahihisha

Somo la redio kwa walimu na vikundi vya elimu ya watu wazima katika Bonde la Kilombero

Natumaini vikundi vyote vimekwisha kukusanyika: vya Ifakara mjini, vya Kiberege na Mang'ula, vya Mbingu, Mngeta na Mlimba, na wenzetu wa ng'ambo ya mto, Lupiro na Malinyi. Ninyi mlioko mashambani kuamia ndege, natumaini redio imo dunguni pamoja nanyi. Wekeni daftari na kalamu karibu, maana mwisho wa somo iko kazi ya kufanya.

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya kusahihisha kazi za wanafunzi. Msidhani kwamba jambo hili lawahusu walimu peke yao. Mtu mzima anapoacha shughuli zake jioni na kuja darasani, anayo haki ya kujua kama daftari lake limesomwa, na limesomwa kwa namna gani. Siku hizi mashine zimeingia katika kazi hii. Simu humwuliza mtu maswali na kumwambia papo hapo kama amepata au amekosa. Ziko pia programu za kompyuta ambazo hupokea insha nzima na kuipa alama. Walimu wengine wamefurahi mno, wakidhani mzigo umewaondokea. Wengine wamekasirika, hawataki hata kusikia habari zake. Mimi naona kwamba pande zote mbili zimekosea kidogo, na nitawaeleza sababu.

MASHINE NA UNGO

Sisi wa bonde hili twaijua mashine ya kukoboa mpunga. Zamani mama zetu walitwanga kinuni, na gunia moja lilikuwa kazi kubwa. Leo gunia hilo hilo huingia mashineni, na kabla hujamaliza mazungumzo na mwenye mashine, mchele umetoka upande mmoja na pumba upande wa pili. Hakuna mtu mwenye akili atakayesema turudi kinuni kwa magunia yote.

Lakini mama akifika nyumbani, kabla ya kubandika sufuria, hufanya nini? Huchukua ungo, akakaa mahali penye mwanga, akachagua mchele. Mashine haikuziona kokoto. Mama hailaumu mashine kwa sababu hiyo, wala hautupi ungo kwa kuwa mashine ipo. Kila kimoja kina kazi yake. Shikeni mfano huu, maana tutaurudia.

ALAMA KUMI NA NANE

Sasa nitawaeleza kosa langu mwenyewe. Kabla ya kuwa afisa nilifundisha darasa la jioni la watu wazima katika kijiji kimoja cha bonde hili. Walikuwa wanafunzi 58, nami nilikuwa peke yangu. Mwanzoni niliwapa kazi za kuandika kila juma. Madaftari yalijaa mezani, nami nikachoka. Ndipo nilipopata programu ya maswali katika simu. Swali lilikuwa na majibu manne, mwanafunzi alichagua moja, na simu ilisahihisha. Kwa muda wa miezi miwili sikumwomba mwanafunzi yeyote aandike hata sentensi tatu. Alama zilipanda kila juma, nami nikazipeleka kwa wakubwa wangu kwa furaha.

Jioni moja mama mmoja alibaki nyuma wenzake walipoondoka. Nilimwamkia, "Shikamoo, mama." Akajibu, "Marahaba, mwanangu. Nina shida." Akanionyesha simu. "Tazama, nimepata kumi na nane katika ishirini."

Nikamwambia, "Hongera sana, mama."

"Ahsante. Basi kwa kuwa sasa nimejua kusoma, nataka kuandika barua kwa baraza la ardhi la kijiji. Shamba langu linaliwa. Nimekaa nayo karatasi siku tatu, mwalimu. Kalamu haiendi."

Karatasi aliyonipa ilikuwa na maneno matano tu: "Shamba langu limeliwa. Naomba msaada." Mama huyu alijua kuchagua neno lililoandikwa sawa sawa kati ya maneno manne. Alijua jibu la hesabu ya magunia. Lakini shida yake mwenyewe, aliyoieleza kwa mdomo vizuri kuliko wakili, hakuweza kuiweka katika karatasi. Na kosa halikuwa lake. Nilikuwa nimempa alama kumi na nane kwa kazi nyepesi, na ile nzito sikumfundisha.

Tulikaa. Sikumwandikia barua. Nilimwuliza maswali, naye akaandika majibu. Shamba lipi? Mlilipata vipi? Mpaka wake ni nini? Limeliwa kiasi gani, na tangu lini? Nani mwingine anajua? Nilipouliza mwaka, alisema ni mwaka aliozaliwa binti yake wa tatu. Kesho yake alileta kadi ya kliniki ya binti huyo, tukasoma: 1994. Barua ya pili ikawa na mistari sita. Ya tatu ikasema kwamba yeye na marehemu mume wake walilifyeka shamba hilo mwaka 1994. Kwamba mpaka wa mashariki ulikuwa mkuyu na mfereji. Kwamba mafuriko ya masika ya mwaka juzi yaliung'oa mkuyu. Na kwamba tangu hapo jirani amelima hatua kumi na nne kuvuka mfereji. Mwisho alitaja wazee wawili waliokuwapo siku ya kufyeka.

Mjukuu wake, kijana wa kidato cha tatu, akasema, "Bibi, ngoja niipitishe kwenye simu iwe nzuri." Akaichapa katika programu moja ya kusahihisha insha. Programu iliipa barua ile alama 61 katika 100, halafu ikatoa barua nyingine iliyotengenezwa upya na kuipa alama 94. Tulizisoma zote mbili. Ile ya pili ilikuwa na Kiswahili fasaha sana. Makosa ya herufi yote yalikuwa yameondoka, na kwa hilo nashukuru. Lakini mahali mama alipoandika "tulilifyeka," programu iliandika "tulilinunua kwa njia halali." Na majina ya wale wazee wawili yalikuwa yameachwa.

Mama alisoma pole pole, kidole juu ya mstari. Akasimama. "Mwanangu, sisi hatukununua. Hawa wazee wakiulizwa watasema hatukununua. Nitaonekana mwongo mbele ya baraza."

Wasikilizaji, hiyo ndiyo kokoto. Mashine haikuiona, tena ndiyo iliyoitia ndani ya mchele. Mama aliiona kwa sababu mbili: alijua habari za shamba lake, na siku zile chache za kuandika na kuandika tena zilikuwa zimemfundisha kusoma kila neno. Alichukua masahihisho ya herufi kutoka barua ya simu, akarudisha neno lake "tulilifyeka," akarudisha majina ya wazee, akanakili barua yake kwa mkono. Baraza la ardhi la kijiji, kama mjuavyo, lina wajumbe saba, na kazi yake ni kusuluhisha. Siku ya kikao wajumbe waliuliza nani alilifungua shamba, mpaka ulikuwa wapi, na tangu lini umevukwa. Yote matatu yalikuwamo katika barua, naye aliisoma mwenyewe kwa sauti. Jinsi walivyosuluhishwa sitasema, kwa kuwa ni jambo la mama na jirani yake, na kuhusu barua tu ndipo aliponiruhusu kuwaambia.

MASHINE YASOMAJE?

Yafaa sasa tujue mashine hizi zafanyaje kazi, ili tusiziogope bure wala kuziamini bure.

Mashine ya kwanza iliyojulikana sana ilitoka Marekani. Mwalimu mmoja wa jimbo la Michigan, Reynold Johnson, alitambua kwamba alama ya penseli hupitisha umeme. Akatumia jambo hilo kutengeneza chombo cha kuhesabu majibu, na mwaka 1938 kampuni ya IBM ikakitoa. Mashine zilizokuja baadaye zilitumia mwanga. Mtahiniwa hutia kivuli cheusi katika duara alilolichagua. Mashine humulika karatasi, na mahali penye kivuli mwanga haurudi kama penye weupe. Mashine haijui swali lahusu nini. Yajua tu kwamba duara la pili limetiwa kivuli, na kwamba ufunguo wasema duara la pili.

Hapa kwetu Tanzania, Baraza la Mitihani lilianza kutumia mashine za namna hii katika mtihani wa darasa la saba mwaka 2012. Faida yake ni wazi. Karatasi ni nyingi mno, mashine haichoki, wala haimjui mtoto wa nani ni nani. Lakini wazazi na walimu wengi walinung'unika, hasa juu ya hesabu, kwamba mtoto aweza kubahatisha bila kuonyesha njia. Manung'uniko hayo yana msingi. Mtu akipewa maswali 20, kila moja lenye majibu manne, akachagua kwa kufumba macho, kwa kawaida atapata kama 5. Baadaye maswali machache ya kuandika majibu yaliongezwa.

Kusahihisha insha ni jambo jingine. Mwaka 1966 Mmarekani Ellis Page, ambaye alipata kuwa mwalimu wa sekondari, aliandika kwamba kompyuta yaweza kufanya kazi hiyo. Kompyuta yake haikuelewa insha. Ilihesabu vitu: insha ina maneno mangapi, maneno yana urefu gani, koma ziko ngapi. Kisha ililinganisha hesabu hizo na alama ambazo walimu waliwahi kutoa. Ikaonekana kwamba alama zake zilikaribia alama za walimu. Ni kama mtu anayekisia uzito wa gunia kwa kulitazama: mara nyingi atakaribia, lakini hajui ndani mna mpunga au mna pumba.

Mwaka 2014 Les Perelman, aliyekuwa mkuu wa mafunzo ya uandishi katika chuo cha MIT, aliwaonyesha watu udhaifu huo. Yeye na wanafunzi walitengeneza programu ya kutunga insha za upuuzi, zenye maneno makubwa yasiyo na maana yoyote yakiunganishwa. Mashine za kusahihisha zilizipa insha hizo alama za juu.

Programu za siku hizi, zilizoenea tangu mwisho wa mwaka 2022, zina nguvu zaidi kuliko zile. Zimefundishwa kwa maandishi mengi mno, nazo hutabiri ni maneno gani yafaa kufuata maneno mengine. Mwaka 2024 jimbo la Texas, Marekani, lilianza kuzipa kompyuta sehemu kubwa ya kazi ya kusahihisha majibu ya kuandika katika mitihani yake, na watu wakirudia baadhi ya karatasi. Lakini kumbukeni barua ya mama. Programu iliandika "tulilinunua" kwa kuwa katika barua nyingi za ardhi neno hilo hufuata. Yajua barua zilivyo kwa kawaida. Shamba la mama haijaliona.

KWA NINI TUANDIKE?

Mwalimu mwingine ataniuliza: kama kuandika kuna taabu hivi, kwa nini tusitosheke na maswali ya kuchagua? Nina majibu mawili.

La kwanza, kuandika hukaza jambo moyoni. Mwaka 2006 watafiti Roediger na Karpicke, wa Marekani, waliwapa wanafunzi habari fupi za kusoma. Wengine walizisoma tena. Wengine waliziweka kando na kuandika yote waliyoyakumbuka. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikumbuka zaidi. Lakini baada ya juma moja, walioandika ndio waliokumbuka zaidi. Basi bwana shamba akieleza nafasi za kupandia mpunga, usitosheke kusikia. Nenda nyumbani ukaandike bila kutazama popote.

La pili, sisi Watanzania tulikwisha kuamua zamani kwamba kujua kusoma bila kuandika hakutoshi. Mwaka 1970 ulikuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwezi wa Agosti 1975 ulifanywa mtihani wa taifa wa kisomo, na waliofanya walipangwa katika hatua nne. Aliyefika hatua ya juu alitazamiwa kusoma gazeti, kuandika barua, na kuweka hesabu ndogo ndogo za kazi zake. Mwaka 1967 watu wazima wasiojua kusoma na kuandika walihesabiwa kuwa 67 katika kila 100. Baada ya mtihani ule wa 1975 ilitangazwa kwamba ni 39. Wazee wetu walipimwa kwa barua. Sisi tusishushe kipimo kwa sababu tuna simu.

Lakini nisiionee mashine. Katika miaka ya 1970 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilianza kufundisha kwa njia ya posta. Mwanafunzi aliandika zoezi lake, akalitia katika bahasha, likasafiri hadi kwa msahihishaji na kurudi. Ilikuwa kazi njema, lakini ilitaka uvumilivu, maana jibu lilipofika mwanafunzi alikuwa amekwisha kwenda mbele. Simu yajibu papo hapo. Tena kati ya mwaka 2017 na 2019, katika vijiji vya mkoa wa Tanga, watoto karibu 3,000 walijifunza kwa vishikwambi vyenye masomo ya Kiswahili, vilivyowauliza na kuwasahihisha vyenyewe, katika mashindano yaitwayo Global Learning XPRIZE. Mwanzoni zaidi ya watoto tisa katika kumi hawakuweza kusoma hata neno moja. Baada ya miezi 15 idadi ya wasioweza ilipungua kwa nusu. Hilo si jambo dogo. Kwa herufi, silabi na hesabu nyepesi, mashine ni msaidizi mwema.

NJIA YA KUFUATA

Sasa twende kwenye kazi yenyewe. Walimu, andikeni haya.

Kwanza, maswali mafupi yafanyeni mara nyingi, na msiyasahihishe kwa macho. Mwenye simu atumie simu. Asiye na simu, wala umeme, atengeneze mashine yake mwenyewe. Chukueni kipande cha boksi, ukubwa wa karatasi ya majibu. Tobweni matundu mahali pa majibu yaliyo sawa tu. Wekeni juu ya karatasi ya mwanafunzi, hesabuni alama zinazoonekana katika matundu, mmemaliza. Jambo moja la kuangalia: kabla ya kuweka boksi, tazameni kama mwanafunzi ametia alama majibu mawili katika swali moja. Boksi halitawaambia.

Pili, kazi ya kuandika iwe mara moja kwa juma, nayo iwe fupi. Sentensi tano zatosha. Habari iwe ya kweli yenye kumfaa mwandishi: barua kwa mwenyekiti wa kijiji, maelezo ya ugonjwa wa mtoto kwa mganga wa zahanati, mapatano ya kukodi shamba, kumbukumbu za kikundi cha kuweka na kukopa. Insha juu ya "Siku nisiyoisahau" si mbaya, lakini mapatano ya kukodi shamba yasiyoandikwa vizuri humharibia mtu msimu mzima.

Tatu, gawanyeni madaftari. Mwenye wanafunzi 60, akitumia dakika 5 kwa kila daftari, anahitaji saa 5. Hakuna mtu atakayekaa saa 5 usiku mmoja baada ya kulima. Lakini madaftari 12 kwa siku, siku 5, ni saa moja tu kila jioni. Laiti ningalifanya hesabu hii mapema, nisingalikimbilia simu peke yake.

Nne, msitie wekundu kila mahali. Daftari lililojaa wekundu humvunja mtu mzima moyo, naye hajui aanzie wapi. Chagueni kosa la aina moja juma hili, labda herufi kubwa na nukta, au kuchanganya "r" na "l". Kisha pembeni andikeni swali moja la kweli, lile ambalo msomaji wa barua angeuliza: "Tangu lini?" "Nani alikuwapo?" "Kiasi gani?"

Tano, andiko la kwanza lisipewe alama. Mwaka 1988 mtafiti Ruth Butler alichapisha habari za jaribio alilolifanya katika shule za Israeli. Wanafunzi wengine walipewa maelezo peke yake, wengine alama peke yake, wengine vyote viwili. Waliopewa maelezo peke yake waliendelea vizuri zaidi. Waliopewa vyote viwili hawakupata faida ile. Yaelekea macho yalikwenda kwenye alama, na maelezo hayakusomwa. Basi rudisheni daftari na swali tu. Mwanafunzi aandike mara ya pili, ndipo mtoe alama.

Sita, wanafunzi wasomeane. Kila mmoja amsomee jirani yake kwa sauti, na jirani aulize maswali mawili. Jambo hili halina gharama, tena humwonyesha mwandishi mahali ambapo msikilizaji hakumwelewa.

Saba, kama mna programu ya kusahihisha insha, itumieni kwa masharti manne. Mwanafunzi aandike kwanza kwa mkono wake, bila mashine. Programu iombwe kuonyesha makosa na kuuliza maswali, isiombwe kuandika upya. Majina ya watu, namba za simu na habari za ugonjwa zisichapwe humo. Na mwisho, mwandishi asome kila neno lililobadilishwa na kujiuliza: ndivyo ilivyokuwa? Hilo la mwisho ndilo ungo. Mwenye kuliacha atakula kokoto.

Wasikilizaji wanafunzi, nanyi nina neno kwenu. Mwalimu akirudisha daftari lenye swali badala ya alama, msinung'unike kwamba hakusahihisha. Amesoma, na ataka kujua zaidi. Na kama juma zima daftari halijarudi, mwulizeni kwa adabu, "Mwalimu, umekwisha kulisoma?" Swali hilo ni haki yenu. Wanafunzi wangu hawakuniuliza kwa miezi miwili, kwa heshima tu, nami nililala usingizi.

KAZI YA JUMA HILI

Maswali ya kuzungumza katika kikundi, dakika ishirini:

1. Tajeni kazi tatu za darasani ambazo simu au boksi lenye matundu laweza kuzisahihisha vizuri. Tajeni tatu ambazo haziwezi, na mseme sababu.

2. Katika kikundi chenu, ni nani aliyewahi kupata hasara kwa sababu ya karatasi aliyoandikiwa na mtu mwingine? Hasara hiyo ingezuiwaje?

3. Kwa nini programu iliandika "tulilinunua"? Je, mtu anayeandikia wengine barua kwa malipo aweza kufanya kosa kama hilo?

Kazi ya kuandika: Kila mmoja aandike sentensi tano kwa baraza la ardhi la kijiji, akieleza mipaka ya shamba lake, au ya kiwanja chake, kwa mtu ambaye hajawahi kufika hapo. Asitumie simu. Msomeeni jirani, mwacheni aulize maswali mawili, kisha andikeni tena. Leteni maandiko yote mawili, lile la kwanza na lile la pili, maana mwalimu atataka kuona mlikotoka na mlikofika.

Juma lijalo, saa kama hii, tutazungumza juu ya kuandika mapatano ya kukodi shamba. Kwaherini, na kazi njema.